Wanaoanza QGIS: kabla hujahangaika na leiauti, tengeneza projeksheni kwanza

Habarini wadogo zangu, hasa nyie mnaoingia fildi au ofisini kwa mara ya kwanza na laptopu ina QGIS (programu ya kutengenezea ramani). Maswali ninayopata kila msimu ni yale yale, leya mbili (yaani matabaka ya data ya ramani) hazikutani, au ramani iko poa kwenye skrini ila ukiipeleka kwenye leiauti (ukurasa wa kupangia ramani ya kuchapisha) inakuwa kichekesho, na mara nyingi leiauti haina kosa lolote, kuna mtu alichezea projeksheni huko nyuma, yaani namna dunia ya mviringo inavyogeuzwa kuwa ramani bapa.

Kitu cha kwanza kabisa: kuseti CRS (mfumo unaosema namba za mahali zisomweje) na kuriprojekti ni kazi mbili tofauti. Ukiseti CRS unaiambia programu tu kwamba hizi namba zisomwe hivi, namba zenyewe hazibadiliki hata moja. Ukiriprojekti ndo namba zinakokotolewa upya na unapata faili jipya. Sasa mtu anaona leya haikai, anaenda kuseti, anajaribu kodi (namba ya mfumo) moja baada ya nyingine mpaka ionekane imekaribia, halafu anasevu. Hiyo ni kubandika lebo ya sukari kwenye kopo la chumvi, chai utainywa mwenyewe. Kuseti ni pale tu unapojua kwa uhakika data ilitoka kwenye mfumo gani na faili halisemi, labda kwa sababu mtu kakutumia faili la ramani la .shp peke yake kwa WhatsApp bila wenzake .prj, .dbf wala .shx (mwambie azitume zote, tena kwenye zip, au atume GeoPackage, faili moja lenye kila kitu, yaishe).

Na usibahatishe, angalia data imeangukia wapi, maana mahali ilipoenda panakuambia kosa ni lipi. Pointi zako za Dar zikitokea Hispania karibu na mpaka wa Ureno, umegeuza X na Y, yaani latitudo -6.8 imesomwa kama longitudo. Zikielea Bahari ya Aktiki, umechagua UTM (mfumo wa mita unaogawa dunia kwa zoni) ya kaskazini badala ya kusini, kwa sababu kwetu kusini mwa ikweta northing (mita za kaskazini-kusini) inaanzia milioni 10 pale ikweta na kushuka, Dar inasoma kama milioni 9.2, na kule kaskazini namba hiyo ni karibu na ncha ya dunia. Zikitua maporini huko upande wa Rungwa, umeweka zoni 36 badala ya 37. Ila ile mbaya kuliko zote ni ya mita 300 hivi kwenda kaskazini au kusini, mto unapita pembeni ya mto wa picha ya satelaiti, barabara inapita juu ya nyumba za watu. Hiyo ni Arc 1960 imesomwa kama WGS 84 au kinyume chake, hizi ni datamu, yaani misingi ya kupimia mahali duniani. Ramani nyingi za zamani za 1:50,000 za Tanzania na Kenya ziko Arc 1960, na GPS yako ya mkononi kwa kawaida inatoa WGS 84. Inaponza watu kwa sababu ukiwa umezumu mbali huioni kabisa. Kodi za kukariri: Arc 1960 zoni 36 na 37 kusini ni 21036 na 21037, WGS 84 ni 32736 na 32737. QGIS ikikuletea kidirisha cha kuchagua njia ya kubadilisha datamu usibonyeze OK tu ili kiondoke, soma ipi ni ya nchi yako na usahihi wake ni mita ngapi.

Zoni nazo Tanzania zinasumbua bana. Kigoma mjini iko 35, Mwanza na Dodoma 36, Arusha na Dar 37, na ukitoka Dodoma kwenda Morogoro hujafika Kibaigwa ushavuka longitudo 36, mpaka wa zoni 36 na 37. Mradi ukikatwa na mstari chagua zoni moja tu utumie kote, usigawe data vipande viwili. Kwa nchi nzima mimi naona UTM haifai, natengeneza projeksheni yangu ya kulinda eneo (isiyobadilisha ukubwa wa maeneo), Lambert ya azimutho yenye kitovu longitudo 35 na latitudo -6, inachukua dakika chache tu.

3857, ile ya ramani za mtandaoni, iache iwe ya kutazama. Watu wanaijua kwa kuvimbisha Greenland wanadhani kwetu karibu na ikweta haina neno, lakini pima shamba la hekta 100 karibu na Dar kwa fomula ya QGIS ya area($geometry) utapata kama 102. Halafu jaribu $area, itakupa jibu tofauti kwa sababu yenyewe inafuata elipsoidi (umbo la dunia) uliyoweka kwenye mradi. Ukisikia watu wawili wanagombania eneo la shamba moja, waulize kwanza kila mmoja katumia ipi.

Haya, leiauti. Ukibadilisha projeksheni baada ya kupanga kila kitu, kipimio, gridi na fremu vinahama vyote na unaanza upya, ndo maana nimeiweka mwisho. Ramani ndogo ya kuonyesha wilaya iko wapi nchini unaweza kuipa CRS yake humohumo kwenye sifa za aitemu, haina haja ya kugusa mradi. Weka kipimio cha namba inayoeleweka, Tanzania nzima kwenye A3 ya kulala inakaa vizuri kwa 1:5,000,000, hiyo 1:4,873,216 iliyojitokeza yenyewe uifute. Ukimaliza funga leya na staili zake, na kwenye ufunguo (orodha ya alama za ramani) zima kujisasisha ndo ubadilishe majina, maana nimechoka kuona ramani ya kupelekwa kwa mkurugenzi imeandikwa "wards_final2_mpya". Na kama ramani itaenda kubandikwa kwenye Word, ondoa kipimio cha namba ubakize mstari wa kipimio, kwa sababu lazima atatokea mtu aivute kona ipungue, mstari utapungua nayo lakini ile 1:50,000 itabaki pale pale inadanganya.