Kila kome na mfuko wake: kwa nyinyi mlioanza kuchunguza utitiri wa kome mwaka huu

Juzi asubuhi nimeingia maabara nikakuta ndoo nyeupe sakafuni, imefunikwa gazeti lililolowa. Nikafunua. Kome 11 wa maji baridi, wa jenasi mbili, Unio na Anodonta, wamelaliana kama viazi, na kipampu cha hewa kinabubujika pembeni bila wasiwasi. Lebo moja. Moja! Imefungwa kwenye mkono wa ndoo: tarehe, kituo, basi.

Sikupiga kelele. Nilitoka nje nikapumua, nikarudi kukaa niandike haya, maana mwenye ndoo si wa kwanza. Kabla yake nimewaona wengine wawili, na kabla ya wote hao nilikuwepo mimi.

1. Kila kome mfuko wake, tangu anapotoka kwenye tope.

Si akifika maabara, wala si akifika garini. Pale pale majini. Mnajua nyote kwamba Unionicola, utitiri wa majini anayeishi ndani ya kome, hajafungwa kamba humo ndani. Kome akichoka, akaanza kuachama, utitiri wanahama. Mmelijibu hilo kwenye mtihani mkapata alama zote, halafu mnabeba ndoo.

Sasa nisikilizeni. Mwaka wangu wa pili nilipewa kazi nyepesi: kulinganisha utitiri wa Anodonta na wa Unio wanaoishi sehemu moja. Mifuko nilikuwa nayo mkobani, mipya, hata haijafunguliwa. Lakini vidole vilikuwa vimekufa ganzi, dereva anapiga honi, nikajiambia: kome wenyewe nawatofautisha kwa macho, mifuko ya nini? Nikawatia wote ndoo moja. Njiani nikawabadilishia maji mara mbili, nikajiona mtafiti mwenye huruma. Usiku ule walilala ndooni. Kesho yake nikashika kisu.

Kome wa tatu alikuwa Unio. Nikakata misuli ya kufungia gamba, nikainua joho, ile ngozi laini iliyo chini ya gamba, na pale juu ya tamvua la ndani, anakopumulia, nikaona utitiri wawili wa rangi ya kahawia, wanene, wanatembea kwa raha zao. Nikawapeleka kwenye hadubini. Palpi (vile vipapasio vya mdomoni), kucha, idadi ya vile vikombe vya kando ya tundu la uzazi: nilihesabu mara tatu. Walikuwa wale wale niliowazoea kwenye Anodonta. Mkono ulinitetemeka mpaka kibano kikaanguka. Mwenyeji mpya, kome mwingine wa kuishi ndani yake! Kabla ya jioni nikawakuta kwenye Unio mwingine, na mwingine tena. Usiku huo niliandika aya ya kwanza ya makala, na kichwa chake nilikichagua kabla ya kupiga mswaki.

Kwa wiki mbili nilitembea koridoni kama bwana harusi. Nilimsimulia kila aliyesimama karibu nami, hadi fundi aliyekuja kutengeneza friji. Nikatengeneza bango la mkutano, na katikati yake nikaweka picha ya yule utitiri, mkubwa kama sinia.

Msimamizi wangu alikuwa mtu wa maneno machache, na siku aliyosoma rasimu yangu aliyapunguza zaidi.

"Mayai uliyakuta wapi?"

Nikasema mayai sikuyakuta.

"Tunutu, wale wachanga wasiokomaa, waliolala ndani ya tishu?"

Sikuwaona.

"Kwa hiyo ni wazima watupu, waliokwisha kukomaa. Wamekuja kutembea."

Kisha akaniita mezani. Alikuwa na utitiri wachache wa Anodonta ndani ya sahani ya petri yenye maji safi, taa iko upande mmoja. Wote walikuwa wamejazana upande wa taa. Akachukua dropa, akanyonya maji ya tangi alimokuwa anakaa Anodonta, akadondosha kwenye sahani. Tukasubiri. Utitiri wakaanza kugeuka, mmoja baada ya mwingine, wakaipa taa mgongo, wakaenda kujibana kwenye kivuli. Ni jambo la zamani, limejulikana tangu miaka ya 1930: utitiri asiye na mwenyeji hufuata mwanga, lakini akihisi kemikali ya mwenyeji wake majini hugeuka na kutafuta giza. Nilikuwa nimelisoma. Nadhani hata nililipigia mstari.

"Haya niambie," akasema, "ndoo yako ilikuwa imejaa maji ya nani?"

Ndoo nzima ilikuwa inanukia Anodonta. Kwa utitiri aliyekwisha kutoka, kila mwanya wenye giza ulikuwa kama mlango wa nyumbani, na Unio aliyechoka ana mwanya mzuri tu. Sikugundua mwenyeji mpya. Nilimjengea daraja.

Mngedhani nilifuta ile aya nikaendelea na zilizobaki. Zipi? Maji niliyomwaga njiani mara mbili, kwa huruma zangu, yaliondoka na utitiri ambao idadi yao haitajulikana kamwe. Kiwango cha maambukizi cha Anodonta kilikuwa hakifai. Cha Unio hakifai. Huenda hata wale Unio waliokuwa na utitiri wao halali walikuwemo, ila sikuwa na njia ya kuwatenga na wageni. Hapo ndipo paliponiuma: data mbaya zilikuwa zimeingia ndani ya data nzuri kama chumvi kwenye maji. Msimu mzima ulikwenda. Nikaandika barua ya kuliondoa bango mkutanoni, sentensi tatu, zilizonichukua siku nzima. Yule fundi wa friji alinikuta miezi kadhaa baadaye akaniuliza, "Vipi, yule mdudu wako?"

Kwa hiyo mtu asiniletee mwenyeji mpya kwa ushahidi wa wazima watupu. Nionyesheni mayai ndani ya tishu, au tunutu waliojifukia. Hao hawawezi kuhama ndooni usiku.

2. Maji ya mfuko nayo ni sampuli: yachujeni, hesabuni waliotoka, andikeni namba ile ile ya kome.

3. Kuhifadhi utitiri wa kuchunguzwa maumbile: gliserini sehemu 5, asidi ya asetiki 1, maji 4. Kwa DNA, ethanoli ya asilimia 95 au zaidi. Amueni kabla ya kumtoa utitiri, si baada, maana asidi haiwahurumii watu wa DNA, na ethanoli inawakausha utitiri miguu ikakakamaa kama waya.

4. Dume mmoja si kosa la kuhesabu.

Mwaka juzi binti mmoja mwerevu sana alikaa hadi saa tatu usiku akitafuta madume ndani ya kome mmoja. Alikuwa na majike zaidi ya 20 na dume mmoja, akaamini kwamba madume wengine amewapoteza kwenye sinki. Alikaribia kufungua bomba la chini. Nikamwambia: mdogo wangu, acha bomba, hao ni Unionicola formosa. Dume mmoja hushika kome na majike wake wote, na dume mwingine akiingia wanapigana, mara nyingine mpaka mmoja afe. Hakuniamini. Kesho yake tukaweka madume wawili kwenye sahani moja, na hakunywa chai yake mpaka pambano lilipokwisha. Sasa yeye ndiye anayewacheka wanaokagua sinki. Ila msilibebe jambo hili mkalibandika kwa kila spishi. Wengine huishi madume kwa majike bila mwenye nyumba.

Na kwa kuwa tumefika hapo: utitiri wa kome aitwaye Utterbackia imbecillis ambao zamani waliandikwa kuwa U. formosa, leo ni U. foili. Mkisoma makala za zamani, angalieni mwenyeji kwanza, jina baadaye.

5. Glokidia, yaani watoto wachanga wa kome mwenyewe, si mayai ya utitiri. Glokidia ana magamba mawili na anayafumba kwa nguvu ukimgusa. Yai la utitiri halifumbi chochote. Kila mwaka kuna mtu ananipigia simu akihema kwamba matamvua yote yamejaa mayai. Kaka, huyo kome ni mjamzito.

6. Msiishie kwenye matamvua. Kuna wanaotaga kwenye joho, kuna wanaotaga kwenye mguu, na Najadicola ingens wa Amerika Kaskazini hukaa kwenye chumba kilicho juu ya matamvua, ambako wageni wa kazi hii hawachungulii kwa sababu picha ya kitabuni imekatwa hapo.

7. Andikeni sifuri. Kome asiye na utitiri ni data. Bila yeye hakuna kiwango cha maambukizi, na wastani mnaouita wa kila kome ni wa kome walioambukizwa peke yao.

8. Neno "kimelea" litumieni kwa sababu, si kwa mazoea.

Hili nabishana na wenzangu tangu zamani. Lava, utitiri aliyetoka tu kwenye yai, sina ugomvi naye: anatoka kwa kome, anang'ang'ania kironomidi, kale kainzi kadogo kama mbu, aliye karibu kugeuka mzima, anamfyonza, kisha anarudi majini kutafuta kome wa kulala ndani yake. Huyo ni kimelea, hana utetezi. Lakini mzima anayetembea juu ya tamvua anakula nini hasa? Kwa U. intermedia wamekuta anakula ute wa kome na tishu ya matamvua. Kwa spishi yako wewe, umeangalia, au umenakili utangulizi wa tasnifu ya aliyekutangulia? Mayai na tunutu ndani ya tishu ni mzigo kwa kome, sikatai. Ila kabla ya kuandika "madhara" pimeni kitu.

9. Kome wengi wa maji baridi wako hatarini. Mkiweza kumfungua kidogo kwa kipanuzi, mkachungulia na kumrudisha alikotoka akiwa hai, fanyeni hivyo. Si kila swali linahitaji kisu.

Sasa wale 11 wa ndooni. Mwenye ndoo anajijua na sitamtaja, maana anakuja nimsaidie kesho saa mbili. Usiwapasue kwa ajili ya takwimu. Hao hawana takwimu tena. Maji yote yapitishe kwenye chujio, usimwage hata kikombe. Watakaopatikana waweke kwenye sahani yenye maji safi, washa taa upande mmoja, na njoo na dropa. Maji ya Anodonta nitakuja nayo mimi.