Nyota Zilizofichwa na Vumbi

SWALI: Mhariri, hapa Dodoma wakati wa kiangazi, upepo ukivuma sana, Jua la jioni huwa jekundu na hafifu kwa sababu ya vumbi. Hivi karibuni nimesoma kwamba katika galaksi za mbali nyota nyingi huzaliwa zikiwa zimefichwa na vumbi, hata darubini kubwa zisizione. Ikiwa hazionekani, wataalamu wamejuaje kuwa zipo? Na vumbi hilo lilitoka wapi ilhali ulimwengu ulikuwa bado mchanga?

JIBU: Ndugu msomaji, vumbi la angani si udongo. Ni chembechembe za kaboni na silika, nyingi zikiwa ndogo kuliko sehemu moja ya elfu ya milimita, kwa hiyo zinakaribiana zaidi na masizi ya koroboi kuliko na vumbi la barabarani. Chembe za kadiri hiyo huzuia sana nuru ya buluu na ya urujuanimno, ambayo ndiyo hutolewa kwa wingi na nyota changa zilizo kubwa; na kwa kuwa nyota huzaliwa ndani ya mawingu ya gesi yenye vumbi, pale zinapozaliwa kwa wingi ndipo panapofichika zaidi.

Hata hivyo, nuru iliyozuiwa haipotei. Aliyelelewa katika nyumba ya kupikia kuni anajua jinsi kaa linavyofukiwa majivuni usiku ili moto upatikane asubuhi: jicho huona majivu matupu, lakini kiganja kikisogezwa juu yake hupata joto. Vumbi la angani nalo hunyonya nuru ya nyota, likapata joto dogo tu, yapata nyuzi 230 za Selsiasi chini ya sifuri, kisha likaitoa nishati hiyo kwa mawimbi marefu ya infraredi, yasiyoonekana kwa macho. Karibu nusu ya nuru iliyotolewa na nyota tangu ulimwengu uanze imepitia mkondo huo, na ndiyo maana naona swali lako linagusa kiini cha historia ya ulimwengu.

Chukua mfano wa galaksi iitwayo HDF 850.1. Mnamo Desemba 1995 darubini ya Hubble ilikazia kipande kidogo cha anga kwa siku kumi, ikapiga picha yenye galaksi zipatazo 3,000. Mwaka 1998 wataalamu waliokitazama kipande hichohicho kwa darubini ya James Clerk Maxwell, iliyojengwa juu ya mlima Mauna Kea huko Hawaii kwa sababu mvuke wa maji ulio chini huyameza mawimbi haya marefu ya joto, walitangaza kwamba wameona vyanzo vitano vya joto la vumbi. Kile kilichong'aa kuliko vyote hakikulingana kwa uhakika na galaksi yoyote katika picha ya Hubble! Ilichukua miaka 14 kujua umbali wake. Jibu lilipatikana mwaka 2012, hasa kwa antena za Plateau de Bure nchini Ufaransa, zilizonasa mawimbi ya kaboni ya galaksi hiyo: wimbi lililoondoka kule likiwa na urefu wa maikromita 158 (milimita 0.158) lilikuwa limenyooshwa na kutanuka kwa ulimwengu hadi karibu milimita moja. Nuru hiyo ilianza safari ulimwengu ukiwa na umri wa miaka bilioni 1.1 hivi, na wakati huo galaksi hiyo ilikuwa ikiunda, kwa mwaka mmoja, nyota zenye jumla ya uzito wa Jua mara 850. Galaksi yetu huunda zenye uzito wa Jua moja au mawili tu.

Kuhusu asili ya vumbi, nyota kama Jua hulitoa zinapozeeka, lakini huishi takriban miaka bilioni kumi, muda ambao haukuwapo bado. Nyota kubwa sana huishi miaka milioni chache tu, kisha hulipuka, na gesi inayotawanyika ikipoa huganda kuwa chembe. Jambo hili tumelishuhudia katika mabaki ya nyota iliyoonekana ikilipuka mwaka 1987, ambamo antena za ALMA zilizoko jangwa la Atacama, Chile, zimeonesha vumbi jipya likiwa limejikusanya katikati. Mabaki hayo yamo katika Wingu Kubwa la Magellan, yaani galaksi ndogo iliyo jirani na yetu, ambalo hata ukiwa Dodoma unaweza kuliona usiku wa manane mwezi Desemba, mawingu yakitawanyika, kama doa la ukungu chini upande wa kusini.