Nani kamrithi nani?

SWALI: Ninahariri tafsiri ya historia ya Uyahudi chini ya Warumi. Mtafsiri ameandika: "Mwaka 4 KK Herode Mkuu aliwarithi wanawe watatu ufalme kwa mirathi iliyoidhinishwa na Kaisari." Hapo ni mirathi, urithi au wosia? (Mhariri, Morogoro)

JIBU: Ni wosia. Urithi ni kile akipatacho mrithi, mirathi ni mali ya marehemu na mgawanyo wake, wosia ni kauli aliyoiacha. Yote ni maneno ya Kiarabu, mawili ya kwanza mzizi mmoja. Hilo limekwisha.

Lililoninyima usingizi ni "aliwarithi", nawe umelipita kama mtu anayempita mdai wake sokoni. Anayerithi hupokea. Anayetoa hurithisha. Kwa hiyo mtafsiri wako anasema wana walitangulia kufa, baba akachukua chao. Na kwa Herode, balaa ni kwamba ingeweza kuaminika! Wana watatu aliwaua kweli: Aleksanda na Aristobulo mwaka 7 KK, kisha Antipatro siku chache kabla ya yeye mwenyewe kufa. Msomaji atadhani ndio hao. Kumbe wanaotajwa ni Arkelao, Antipa na Filipo. Silabi moja, -sha, ndiyo inayowatenga waliouawa na waliogawiwa nchi, na mtafsiri kaidondosha njiani.

Nimewahi pia kusoma "Attalus aliirithi Roma". Jamani! Attalus wa Tatu wa Pergamo alikufa mwaka 133 KK bila mtoto, akawaachia Warumi ufalme wake. Sasa marehemu, yumo kaburini, amerithi Roma nzima, Seneti na vilima vyake saba! Basi Tiberius Gracchus, mwanasiasa wa Roma, alipotaka hazina ya Attalus iwafae wakulima aliowagawia ardhi, alikuwa akigombea mali ya nani?

Tena kwa Herode hata "aliwarithisha" naliona kubwa. Ufalme alipewa na Seneti ya Roma mwaka 40 KK, na cha kupewa hurithishwa kwa ridhaa ya mpaji. Wosia ulimtaka Arkelao awe mfalme. Kaisari Augusto akamnyima jina hilo, na mwaka 6 BK akamfukuzia Galia, Ufaransa ya leo. Andika "aliwagawia katika wosia wake", umalize.

Ama wosia, wasia au usia, chagua mwenyewe. Kwa hilo nimechoka kugombana.