Kibarua Bila Barua: Majibu kwa Wasomaji Kuhusu Haki za Kazini

Tangu tulipotangaza kwamba safu ya toleo hili itahusu masuala ya kazi, barua zilizotufikia zimefanana kwa jambo moja: waandishi wake karibu wote wanafanya kazi bila karatasi yoyote mkononi, na karibu wote wanaamini kwamba asiye na karatasi hana haki. Nimechagua barua nne, tatu kutoka Tanzania Bara na moja kutoka Mombasa, nikazifupisha na kuondoa majina ya watu na kampuni.

Swali: *Ndugu Mhariri, nina miaka mitatu na miezi kadhaa nikifungasha bidhaa katika kiwanda kimoja huku kwetu Mbagala. Ninalipwa kwa siku, ingawa fedha hukusanywa na kutumwa kwa simu kila Jumamosi. Kila baada ya miezi mitatu tunaambiwa tupumzike wiki mbili, kisha tunapangwa upya getini kama wageni. Mwezi uliopita nilipata kizunguzungu nikiwa zamu ya usiku, nikalazwa siku mbili. Niliporudi na karatasi ya daktari, supavaiza alinijibu kwamba deiwaka hana ruhusa ya kuugua, nisije tena. Leo ni siku ya kumi na moja. Je, deiwaka ana haki yoyote? (Mama wa Mbagala)*

Jibu: Mama, kabla ya jambo lingine lolote naomba uhesabu siku. Anayelalamikia kuachishwa kazi isivyo halali anatakiwa kufikisha mgogoro wake kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi tunaijua kwa kifupi cha CMA, ndani ya siku 30 tangu alipoachishwa. Madai mengine ya kazi yana siku 60. Barua yako ilipotufikia tulikupigia simu siku hiyohiyo, kwa kuwa jarida hutoka mara moja kwa mwezi na sheria haingoji jarida. Ninayarudia maelezo hayo hapa kwa ajili ya wenzako wa getini, ambao nimewaona wengi wakipoteza haki iliyo wazi kwa sababu tu waliambiwa na bosi wasubiri kidogo, mambo yatazungumzwa, wakasubiri hadi siku zikaisha.

Sasa nije kwenye swali lenyewe. Deiwaka ni kibarua, na neno kibarua linatokana na barua: mfanyakazi wa kutwa alikuwa akipewa kijikaratasi cha kuthibitisha kazi aliyoifanya, na kwa hicho akadai ujira wake. Siku hizi vibarua wamebaki, vijikaratasi vimetoweka, na waajiri wengi wanafurahia hali hiyo wakidhani kwamba pasipo maandishi hapana ajira. Wanakosea. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inaweka dhana kwamba mtu ni mwajiriwa ikiwa lolote kati ya mambo kadhaa lipo, na miongoni mwake ni kwamba saa zake za kazi zinapangwa na mwingine, kwamba anapewa vifaa vya kazi na huyo anayemtumikia, kwamba anamtegemea kiuchumi, au kwamba katika miezi mitatu ya karibuni amemfanyia kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi. Sharti moja tu kati ya hayo linatosha, nawe unayo karibu yote. Zaidi ya hapo, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka huohuo inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi, na akishindwa kuyaonyesha mbele ya msuluhishi, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa unakuwa wake yeye. Kwa maneno mengine, karatasi unayoililia ilikuwa deni lake, na kutokuwepo kwake kunamwelemea yeye kabla ya kukuelemea wewe.

Hizo wiki mbili za kupumzishwa ni ujanja unaofahamika. Lengo lake ni kukata hesabu ya miezi ili usifikishe sita, kwa kuwa haki kadhaa, ikiwemo likizo ya malipo, kwa kawaida huanza baada ya miezi 6 ya utumishi. Lakini kwa upande wa likizo sheria imeliona hilo: anayefanya kazi kwa vipindi kwa mwajiri yuleyule, jumla ya vipindi hivyo ikizidi miezi 6 katika mwaka, anastahili likizo yenye malipo. Kuhusu ugonjwa, mfanyakazi anayestahili hupata hadi siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, mradi aonyeshe cheti cha daktari. Siku zako mbili ni tone tu katika kisima hicho.

Utakapokwenda CMA utajaza Fomu Namba 1, nakala moja utamfikishia mwajiri, na shauri litaanza kwa usuluhishi. Katika fomu usiandike tu kwamba umeonewa. Taja kila unachodai: malipo badala ya notisi, likizo uliyostahili na hukupewa, kiinua mgongo ambacho kwa sheria hakipungui mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika hadi miaka 10, cheti cha utumishi, na juu ya yote uhalali wa kuachishwa wenyewe. Ushahidi wako upo kwenye simu. Miamala ya kila Jumamosi kwa miaka mitatu ni daftari zuri kuliko lile la supavaiza. Nenda ukachapishe taarifa ya miamala hiyo kabla hujabadili laini wala simu. Picha uliyopiga na wenzako mkiwa na sare, ujumbe wa kuitwa zamu, na majina ya wafanyakazi wawili walio tayari kusema walikuona, vyote vinafaa.

Kwa wenzako waliobaki zamu ya usiku niongeze neno moja: mfanyakazi ambaye daktari amethibitisha kwamba afya yake haimruhusu kufanya kazi usiku anatakiwa ahamishiwe zamu ya mchana pale inapowezekana, na mjamzito aliyebakiza miezi miwili kujifungua hapaswi kupangwa usiku.

Swali: *Mimi ni mlinzi wa kampuni binafsi, Arusha. Ninaingia lindo saa 12 jioni na kutoka saa 12 asubuhi, usiku sita kwa wiki, peke yangu. Mwezi huu betri mbili za mteja ziliibwa, na mshahara wangu umekatwa karibu wote. Nilipouliza, nilijibiwa kwamba nilisaini mkataba. (Mlinzi)*

Jibu: Ndugu yangu, tuanze na saa, maana hapo ndipo unapodai zaidi bila kujua. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki na 9 kwa siku, na muda wa ziada, ambao hauwezi kufanyika bila makubaliano, haupaswi kuzidi saa 50 katika wiki nne. Kila aliyefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo anastahili mapumziko ya saa 1, na kwa kawaida mwajiri halazimiki kuyalipia. Lakini mlinzi wa peke yake hawezi kuliacha lindo, na anapotakiwa kubaki kazini wakati wa mapumziko, saa hiyo inalipwa. Kwa hiyo wiki yako ni ya saa 72 kamili, ambazo 27 ni za ziada, yaani 108 katika wiki nne, zaidi ya mara mbili ya ukomo.

Malipo yake ni haya. Mshahara wa mwezi hugawanywa kwa 195 ili kupata ujira wa saa moja. Tuseme unalipwa shilingi 390,000, kiasi nilichokichagua kwa kuwa kinagawanyika bila mabaki: saa moja ni shilingi 2,000, na saa ya ziada, inayolipwa mara moja na nusu, ni 3,000. Saa 27 ni shilingi 81,000 kila wiki, bado hatujagusa nyongeza ya asilimia 5 kwa saa za kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi. Weka mshahara wako halisi mahali pa mfano wangu, kisha ulinganishe na ulichopokea. Kampuni ikikwambia kwamba sheria inaruhusu zamu ya saa 12 bila malipo ya ziada, itakuwa imesema nusu ya kweli: makubaliano ya namna hiyo yanaruhusiwa kwa maandishi, ila kwa siku zisizozidi tano na bila kuvuka saa 45 za kawaida kwa wiki.

Kuhusu betri, saini ya jumla uliyoiweka siku ya kuajiriwa haimpi mwajiri ruhusa ya kukata atakavyo. Ni lazima hasara iwe imetokea kazini kwa kosa lako, upewe nafasi ya kujieleza, uandikiwe sababu, kiasi na jinsi kilivyokokotolewa, na jumla ya makato isizidi robo ya mshahara. Kukatwa karibu mshahara wote kunavunja sharti hilo la mwisho hata kama ungekuwa ulilala fofofo lindoni. Mwandikie mwajiri kwanza, baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, na ukumbuke kwamba madai haya yana siku 60.

Swali: *Nilikatwa kidole na msumeno wa umeme katika karakana ya mbao Mwanza, miezi saba iliyopita. Tajiri alinipa nauli na hela ya dawa, akasema tumemalizana. Je, tumemalizana? (Fundi)*

Jibu: Hapana. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008, hulipa fidia kwa ajali ya kazini bila kuuliza kwanza nani alikosea, na michango yake hutolewa na mwajiri peke yake. Hairuhusiwi kukatwa kwenye mshahara wako. Dai linatakiwa kufika ndani ya miezi 12, kwa hiyo umebakiwa na mitano. Nenda ofisi ya Mfuko ukiwa na karatasi za hospitali ulikotibiwa na majina ya walioshuhudia. Usiogope hata kama karakana haikuwahi kusajiliwa, kwani kutojisajili ni kosa la tajiri, wala usirudishe ile nauli, kwa kuwa kuipokea hakukufuta dai lako.

Swali: *Nilibeba mizigo kwenye bohari moja Changamwe, Mombasa, kwa miezi minane nikilipwa kwa siku, kisha nikafukuzwa. Ni miezi mitano sasa. Binamu yangu wa Tanga anasema siku 30 zimepita na nisijisumbue. (Hamali)*

Jibu: Binamu yako anaijua sheria ya kwao, nayo haivuki mpaka wa Horohoro. Kwa Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa kipindi kisichopungua mwezi mmoja huhesabiwa kuwa na mkataba wa kulipwa kwa mwezi, na akifikisha miezi miwili au zaidi anastahili masharti ambayo angeyapata kama asingeanza kama kibarua. Kwa miezi minane umepita hapo zamani, na ulistahili notisi pamoja na siku zako za likizo kwa kadiri ya muda uliofanya kazi. Malalamiko ya kuachishwa kazi kwa afisa wa leba yalipaswa kufikishwa ndani ya miezi mitatu, na muda huo umekupita. Lakini Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi hupokea madai ya mkataba wa ajira ndani ya miaka mitatu. Tafuta chama cha wafanyakazi au wakili akuandikie barua ya madai, na uende ukiwa na rekodi ya malipo ya M-Pesa ikiwa ulilipwa kwa njia hiyo. Kama ulilipwa taslimu, watafute wale hamali wawili watatu mliokuwa mkibeba pamoja, kabla hawajatawanyika.