Mbege au mchicha: kipi kinamuongezea damu mama aliyejifungua?

SWALI: Dokta habari za kazi. Mke wangu ana wiki 5 tangu ajifungue na kliniki walisema damu imepungua kidogo. Mama yangu anamletea mbege, ile pombe ya ndizi na ulezi, kila jioni anasema inaongeza damu na maziwa, na kweli akinywa anashiba kuliko akila mchicha. Mimi mwenyewe natumia bia, nayo si ni shayiri? Naomba unilinganishie virutubisho.

JIBU: Nzuri kaka, hongereni sana kwa mtoto. Nianze na bia maana hesabu yake ni rahisi. Chupa ya mililita 500 yenye kilevi asilimia 5 ina kama gramu 20 za pombe tupu, kila gramu ni kalori 7, kwahiyo hapo tayari una 140, weka na wanga uliobaki unafika 210 hivi. Protini ni gramu 2 tu, chuma ni kama hamna, vitamini A na C hamna kabisa. Shayiri ilikuwepo ndio, ila machicha yake yamechujwa wanakula ng'ombe.

Sasa chukua gramu 100 za majani ya mchicha: kalori 23 tu, lakini kalsiamu miligramu 215, chuma miligramu 2 na kitu, vitamini C zaidi ya 40, na folate ya kutosha ambayo mwili unaihitaji kutengenezea damu. Hashibi kwasababu fungu zima likiingia sufuriani linanywea linabaki vijiko vitatu, lakini shibe na lishe ni vitu viwili tofauti kaka.

Mbege siwezi kusema haina kitu, ule ulezi unabakia mle ndani kwahiyo vitamini B na madini kidogo vipo. Shida ni pombe yenyewe, inazuia mwili kufyonza folate, yani inamnyang'anya kile kile anachokitafuta, halafu inabana homoni inayosukuma maziwa yatoke, na kiwango kilichopo kwenye damu ya mama ndio karibu hicho hicho kinaingia kwenye maziwa anayonyonya mtoto wa wiki 5. Hilo kwa kweli linanitia wasiwasi kuliko hiyo damu.

Usigombane na mama, anafanya kwa upendo. Mwombe ulezi ule ule aulete unga mpikie uji, na ndizi azilete kwa mtori wa nyama, si ndio chakula cha mzazi huko kwenu miaka yote.

Mchicha osha kabla ya kukata, pika dakika 5 na mafuta kidogo, maji yake msimwage, kamulia ndimu ukishaepua maana vitamini C inasaidia chuma kufyonzwa, na chai ya rangi asinywe mpaka ipite saa nzima baada ya kula. Ila chuma cha mboga za majani kinaingia mwilini kidogo kidogo, mchicha peke yake hautamtoa hapo, kwahiyo mpatie na maini au dagaa, vidonge vya kuongeza damu kama walimpa asiache, na mrudi kliniki wampime tena wingi wa damu.