Kwa wanaoanza kuandika hotuba: imani ya msikilizaji hutangulia machozi yake

Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale aliyeandika kuhusu balagha, yaani sanaa ya kushawishi kwa maneno, katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alitaja njia tatu za kumshawishi msikilizaji: tabia ya msemaji jinsi inavyojitokeza, hisia za wanaomsikiliza, na hoja yenyewe. Wengi wenu mmekwisha kuzikariri, lakini anayeanza kazi hii aghalabu hukimbilia hisia, kwa kuwa ndizo zinazoleta makofi upesi.

Chukueni kikao cha wazazi kinachojadili mchango wa chakula cha mchana shuleni. Anayelalamika kwamba watoto wanateseka ataonewa huruma, kisha watu watawanyike bila uamuzi. Anayeeleza kuwa mtoto aliyeondoka nyumbani alfajiri hatii kitu mdomoni mpaka saa kumi jioni, na kwamba ndiyo maana vipindi vya mchana humpita akisinzia, amefunga huruma na sababu katika sentensi moja. Hata hivyo, mzazi aliyeketi nyuma atanyoosha mkono aulize ni nani atakayeshika fedha. Anachotaka kujua ni kama mnaaminika, na idadi ya magunia ya mahindi haimjibu. Kinachomjibu ni kutajiwa kamati, stakabadhi, na siku ambayo matumizi yatasomwa mbele ya wote. Aristotle alisisitiza kwamba imani hiyo izaliwe ndani ya hotuba, kwa busara, uadilifu na nia njema, wala isitegemee sifa ambazo msemaji alikuja nazo, jambo ambalo naona linawapa nafasi hasa ninyi msiojulikana bado.

Isikilizeni pia hotuba ya Mwalimu Nyerere ya Novemba 1978, baada ya majeshi ya Idi Amin kuvamia Kagera. Hasira ilikuwapo tayari. Yeye aliipangia mambo matatu, yaani sababu, uwezo na nia ya kumpiga adui. Sababu ilielekea kwenye akili, uwezo ukapunguza hofu, na nia ikamweka msemaji upande mmoja na wasikilizaji, kwa kuwa yote matatu aliyasema kwa nafsi ya wingi, yaani “sisi”, kama mali ya taifa zima.

Rasimu yenu ikiisha, pigieni mstari kila sentensi inayoomba huruma, hofu au hasira, kisha tazameni ni jambo gani la kweli lililoitangulia. Isiyo na jambo hilo iondoeni, hata kama ndiyo inayosikika vizuri kuliko zote.