Fomu ya mkopo kurudishwa, na namna ya kulinda bumu (fedha ya kujikimu ya mwanafunzi)

Mkuu, umeuliza kwa nini ombi la mkopo la mdogo wako kwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) limerudishwa lifanyiwe marekebisho, na akipata mkopo afanyeje usikatike.

Anza na cheti cha kuzaliwa. Kukiskani tu hakutoshi; lazima kihakikiwe RITA (wakala wa usajili wa vizazi na vifo), au ZCSRA, wakala kama huo wa Zanzibar, kwa aliyezaliwa huko. Uhakiki huchukua siku kadhaa, kwa hiyo wiki ya mwisho ni kujitafutia presha. Umesema mzee alishafariki: cheti cha kifo nacho kihakikiwe, la sivyo uyatima wake hauhesabiki na kiwango cha uhitaji kinashuka.

Kagua majina herufi kwa herufi. "Mwanaidi" kwenye cheti cha kidato cha nne na "Mwanaid" kwenye cha kuzaliwa ni watu wawili kwa mfumo. Namba ya mtihani wa kidato cha nne aliyoombea mkopo iwe ileile aliyoombea chuo. Waliorudia mtihani ndio hunasa hapa. Kisha fomu ichapishwe, ipite serikali ya mtaa, mdhamini, na wakili au hakimu, ndipo kurasa zenye saini zipakiwe. Mhuri mmoja ukikosekana, inarudi.

Akishapata: afaulu kuendelea mwaka unaofuata, maana akirudia mwaka fedha husimama. Akihama chuo au kuahirisha masomo, apate kibali cha maandishi na Bodi ijulishwe. Na bumu ikifika asaini mapema. Isiyosainiwa hurejeshwa Bodi.